Kompyuta Iliyofuata Mwezi

Sa Đéc, 28 Novemba 2015

Mjomba Tư,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Đà Lạt haijakumaliza na sweta niliyokutumia inakutosha tumboni. Ndani ya boksi, chini ya barua hii, kuna samaki wakavu na nem kumi za nyama za Lai Vung. Mpe dereva wa basi mbili, nilimwahidi.

Ningekupigia simu, lakini tangu masikio yako yaharibike kwa kujaribu spika za watu miaka arobaini, tukizungumza mimi napiga kelele mpaka mtaa mzima unajua siri zangu, na wewe unaniuliza kama nimeshakula. Kwa hiyo nakuandikia.

Shida ni kompyuta ya dukani. Khải, yule kijana niliyewahi kukutajia, aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, akaniletea mwezi wa nane ili niache kuazima ya jirani. Unajua duka letu lilivyo. Anayeoa, anayezaa na anayefiwa wote wanapita hapa: picha ndogo, kopi, kadi. Mwezi mzima mashine ilifanya kazi bila neno. Sasa inazima. Haigandi, haitoi onyo. Tap! Giza. Juzi ilizima nikiwa nimeshapanga kadi mia tatu za harusi ya binti wa muuza maua, naye bibi harusi mwenyewe kasimama mbele yangu anachagua rangi ya njiwa.

Lakini si kadi zinazoninyima raha. Khải amekuja kuniomba kwa Mama. Unamjua dada yako, tangu baba afariki yeye ndiye mama na ndiye baba. Alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, akamwambia, "Kijana, mashine yako haiwezi kukaa macho mpaka jioni, nami nikukabidhi binti yangu?" Akaweka sharti: mashine ikae siku saba mfululizo, kufungua duka mpaka kufunga, bila kuzima, kabla ya mwezi mpevu wa mwezi wa kumi na moja wa kalenda ya mwezi, yaani 25 Desemba. Ikikaa, alete trei za tambuu za posa. Isipokaa, asubiri.

Na kusubiri kwenyewe ndiko huku, Mjomba. Kwa hesabu ya kalenda ya mwezi nina miaka ishirini na saba. Mwakani nitakuwa na ishirini na nane, na hakuna mama hapa Sa Đéc anayemwoza binti wa ishirini na nane, ni umri wa mkosi, nyumba huvunjika. Tusipooana kabla ya mwaka mpya wa Tết, tunangoja mpaka mwaka wa pili. Nimempenda miaka minne. Nimechoka kungoja, nakuambia wazi.

Mama amekataza Khải asisaidiwe na mtu. Hakukataza mimi nisimwandikie mjomba wangu.

Mama mwenyewe hajakaa bure. Kila mashine ikizima anapiga magoti pale mlangoni, mbele ya kijumba chekundu cha Babu wa Ardhi, mungu wetu mlinzi wa duka, anamwongezea kahawa nyeusi, sigara na taa nyingine ya yungiyungi. Babu anacheka tu na kitambi chake. Siku hizi anang'aa kuliko ukumbi wa sinema.

Nisaidie.

Mpwa wako,
Cẩm Tú


Đà Lạt, 1 Desemba 2015

Cẩm Tú,

Marahaba. Dereva alikula nem tatu. Sweta inanibana, lakini usimwambie mtu.

Sikiliza. Mashine inayozima bila kuaga, tafuta mambo matatu: joto, pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, au kitu kilichochomekwa kinachokula umeme wake. Joto hutalikosa, ukigusa kasha litakuunguza. La tatu ndilo watu hulisahau. Wanadhani tundu la USB ni la kupitishia picha tu. Linapitisha na umeme, kidogo, wa kupima kwa kijiko, na vyote ulivyovichomeka vinakula sahani moja. Kimoja kikipiga shoti, mashine yenye akili hujizima yenyewe isije ikaungua.

Kwa hiyo chomoa kila kitu. Bakiza skrini, kibodi na kipanya. Isipozima, rudisha kimoja, ungoje siku nzima, kisha kingine. Na uandike siku na saa kila inapozima. Fundi asiyeandika ni mganga wa kienyeji.

Ila mimi nakwambia mapema, ni pawa saplai. Nawajua hawa vijana. Wananunua kasha lenye kioo na taa za rangi, halafu ndani wanatia pawa saplai ya bei ya mchicha. Mwambie huyo Khải wako mjomba amesema hivyo.

Mjomba Tư


Sa Đéc, 5 Desemba 2015

Mjomba,

Shikamoo. Nilichomoa. Printa, skana, kamera, flashi tatu, feni ndogo ya mezani, na kile kijisahani cha kupashia chai alichonipa Bi Tám wa duka la tambi. Hicho nilikishuku sana, maana Bi Tám zawadi zake zote zina mkosi. Nikabaki na skrini, kibodi na kipanya tu, kama ulivyosema, nikakaa siku nzima nimekunja mikono, wateja wananiuliza kama duka limefilisika.

Saa mbili kasoro asubuhi, tap. Saa nane mchana, tap. Jana asubuhi pia, muda uleule. Leo bado haijazima, na sasa naogopa hata kukohoa karibu yake.

Khải nilimpa salamu zako za mchicha. Alicheka, lakini masikio yalimwiva. Mama amenunua taa ya tano. Hii ina duara la rangi linalozunguka nyuma ya kichwa cha Babu. Wateja wanaipiga picha.

Cẩm Tú


Đà Lạt, 7 Desemba 2015

Cẩm Tú,

Nilisema nini? Vyote vimechomolewa, bado inazima. Pawa saplai! Ndani ya boksi hili, chini ya jemu ya stroberi, kuna yangu mwenyewe. Nzito kama tofali, haijawahi kunidanganya. Khải aifunge Jumatano. Akishindwa hata kufunga skrubu nne, mwambie aende akauze bata.

Nikishinda, na ninashinda, siku ya harusi nataka kiti cha mbele na kichwa cha kuku, kile cha mgeni wa heshima.

Mjomba Tư


Sa Đéc, 12 Desemba 2015

Mjomba,

Aliifunga Jumatano. Skrubu nne, hakuangusha hata moja. Alhamisi ilizima mara moja. Jana Ijumaa ikazima mara tano. Mara tano, Mjomba! Haijawahi kufanya hivyo. Mara ya tano kulikuwa na mzee anataka picha ya marehemu mkewe ikuzwe kwa ajili ya arobaini. Nililia mbele yake, ikabidi yeye ndiye anibembeleze mimi.

Mama aliona. Akamgeukia Khải, hakupandisha sauti hata kidogo: "Sasa una kisingizio gani?" Khải akasema, "Sina, Mama." Basi. Akaokota bisibisi zake, akaondoka. Nilitaka ajitetee. Nilitaka agonge meza! Yeye alisimama pale kama mtu anayezuia chafya.

Tena kuna kitu kingine. Siku ya kufunga pawa saplai yako nilimkuta amelala chali chini ya kaunta, ameacha kazi, anatazama tu nyuma ya kasha. Nikamwuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu. Mjomba, naanza kuogopa kwamba hataki tena, ila anaona aibu kuniambia.

Zimebaki siku kumi na tatu, na saba lazima ziwe salama. Hesabu mwenyewe.

Hizi ndizo saa ulizotaka. Nimeanza nyuma kadiri ninavyokumbuka. Tarehe 26 Novemba, mara nne. Tarehe 3, 4, 8 na 10 Desemba, mara moja au mbili, daima asubuhi kama saa mbili kasoro, na pengine mchana. Tarehe 11, mara tano. Siku nyingine, haizimi kabisa.

Cẩm Tú


Đà Lạt, 14 Desemba 2015

Cẩm Tú, mwanangu,

Nilisoma barua yako mara mbili, nikamsomea mke wangu, halafu nikaenda kuchukua kalenda ukutani. Ile ya kuchana, yenye tarehe za mwezi chini yake.

Tarehe 26 Novemba ilikuwa mwezi mpevu. Tarehe 11 Desemba ilikuwa mwezi mwandamo. Nimetengeneza redio, televisheni na kompyuta tangu nina meno yote, na sijawahi kuona mashine inayofunga siku za mwezi mpevu na mwandamo. Mashine haina dini. Kwa hiyo kuna mtu karibu yake ambaye anayo.

Fanya hivi. Shika karatasi, uchore mgongo wa kasha. Kila tundu, lililojaa na lililo tupu. Halafu kila waya uufuate kwa kidole mpaka mwisho wake. Usiniandikie "huu naujua". Ufuate, hata kama unaishia kwa mtu wa heshima.

Na Khải usimpigie kelele. Mtu anayetazama mgongo wa kasha na kusema "hakuna kitu", mimi nadhani ameona kitu.

Mjomba Tư


Sa Đéc, 17 Desemba 2015

Mjomba!

Ni Babu wa Ardhi!

Ngoja nivute pumzi. Jana Mama alipokwenda sokoni nilijiviringisha chini ya kaunta na karatasi yangu. Nikafuata: skrini, kibodi, kipanya. Halafu waya mwingine mwembamba mwekundu. Unaingia kwenye tundu dogo la ubao, unatokea upande wa pili, ndani ya kijumba, chini ya kiti cha Babu. Pale kuna kigawanyo cha USB chenye matundu saba, yote yamejaa. Taa sita za yungiyungi na lile duara linalozunguka. Zote zinakula sahani moja na kompyuta yangu.

Utaniuliza kwa nini sikuuchomoa siku ile uliposema kila kitu. Mjomba, niliuona! Nimeuona tangu mwezi wa tisa. Lakini ule ni waya wa Babu, si waya wa kompyuta. Mtu hachomoi cha Babu. Haikunipitia hata kichwani kuuhesabu.

Na Mama alikuwa na sababu. Alitaka Babu aamke tunapowasha mashine na alale tunapozima, ahudumie saa za kazi kama sisi. Asubuhi saa mbili kasoro anamwekea kahawa, na mkono wake siku hizi unatetemeka kidogo. Mwandamo na mpevu anamwogesha kwa pombe ya tangawizi, anamsugua mpaka mgongoni, na ile pombe inateremka moja kwa moja kwenye kigawanyo. Nimekikuta kinanata, kina harufu ya baa. Kikipata maji kinapiga shoti, kompyuta inajizima. Mama anaona imezima, anasema Babu amekasirika, anaongeza taa na kahawa.

Nilimwita Khải mbio. Nikamwonyesha. Hakushangaa. Nikamkazia macho.

"Ulijua!"

"Nilishuku. Tangu siku ya pawa saplai."

"Na ukanyamaza? Tukose harusi kwa ajili ya taa?"

"Ningesemaje, Tú? 'Mama, mungu wako ndiye anayenizimia kompyuta'? Mbele ya wateja? Mimi hata si wa nyumba hii, siruhusiwi kumgusa."

"Kwa hiyo ulikuwa tayari kungoja mpaka mwaka wa pili?"

"Nilikuwa natafuta njia nyingine."

"Njia gani?"

"Nilikuwa sijaipata," akasema, na akaona haya kabisa.

Mjomba, nilimpiga na kalenda. Halafu nikamkumbatia, na Bi Tám akapita mlangoni wakati huohuo, kwa hiyo mtaa wote sasa unajua.

Mimi ni wa nyumba hii. Niliwasha vijiti vitatu, nikamwomba Babu ruhusa, nikakitoa kigawanyo kwa mkono wangu. Khải akaleta kingine kikavu na adapta, akapitisha waya mpaka soketi ya ukutani, juu, mbali na kahawa. Taa zote zinawaka kama zamani. Mama aliporudi hakuona tofauti. Khải ameniapisha nisimwambie kitu, asije akaona aibu kwa sala zake.

Kesho ni siku ya kwanza kati ya saba. Zimebaki saba kamili. Tuombee.

Cẩm Tú


Đà Lạt, 20 Desemba 2015

Watoto wangu wawili,

Nimecheka mpaka mke wangu akaleta mafuta ya kuchua. Wahenga walisema wema usizidi uwezo. Dada yangu amemtwika Babu taa saba kwenye tundu moja!

Khải, hii ni yako. Nilikutukana mara mbili bila kukujua. Kwa mchicha na kwa bata, nisamehe. Nimetukana wakunga na uzazi ungalipo, na naona wewe ndiye utakayekuja kunitengenezea redio uzeeni. Pawa saplai yako ya zamani ni nzuri kuliko yangu. Nimezisoma namba zake kwenye karatasi Tú aliyoniwekea ndani ya barua. Kichwa cha kuku ni chako.

Leo, kama hesabu yangu ni sawa, ni siku ya tatu. Siwezi kula vizuri. Mniandikie hata ikiwa mbaya.

Mjomba Tư


Sa Đéc, 26 Desemba 2015

Kaka Tư,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Najua mlikuwa mnaandikiana. Unadhani nani aliyekuwa akifunga wale samaki? Binti yetu hajui kufunga hata tambi.

Jumatatu jioni, siku ya nne, nilizima mashine kwa mkono wangu, na taa za Babu hazikuzimika. Nikasema, muujiza! Nikapiga magoti. Nilipoinama ndipo nikaona waya mpya, umepita ukutani umenyooka, umeshikizwa kwa vijipini kila sehemu. Babu wa Ardhi hajui kupigilia vijipini. Nikamwita Cẩm Tú, nikamshika sikio, akasema yote, na pombe ya tangawizi, na yule kijana alivyolala chini ya kaunta akaona kila kitu, akanyamaza. Nilimwuliza ana kisingizio gani, kaka, mbele ya watu, na kisingizio alikuwa nacho mbele ya macho yake, kina taa saba. Akanijibu hana.

Sasa nikwambie yangu, maana hayo hakuna anayeyajua. Taa ya kwanza niliiweka mwezi wa tisa. Nilimwambia Babu, huyu kijana ana mikono mizuri na binti yangu anacheka akiwa naye, asituponyoke. Mashine ikaanza kuzima, nikaongeza taa, nikaomba, usimwaibishe. Ikazima, nikaongeza. Sharti niliweka mimi, kwa sababu mama asiyeweka sharti wanamwona hamthamini binti yake, na asubuhi yake niko magotini naomba alishinde. Taa zote saba zilikuwa zake. Ndizo zilizokuwa zinamwangusha. Unanijua mimi, nikimpenda mtu namkaripia, ila safari hii nilizidisha.

Harusi ni tarehe 16 Januari, siku nimeshaitazamia, ni njema. Upande wetu lazima mwanaume mkubwa asimame mbele ya picha ya marehemu mume wangu aseme tunampokea kijana. Huyo ni wewe. Panda basi la tarehe 13 na usilete jemu tena, tunazo chupa tisa.

Sasa ya Alhamisi, siku ya saba. Duka lilijaa. Hakuna aliyekuja kutoa kopi, wote walikuja kuitazama kompyuta. Bi Tám alikuja na bakuli lake la tambi akakaa mlangoni. Khải alikuwa amesimama karibu na printa, hajala tangu asubuhi. Imebaki saa moja na nusu tufunge, kukatokea kishindo kule barabarani, umeme wa mtaa mzima ukakatika. Mashine, tap.

Khải alibadilika rangi akawa kama wali. Bi Tám, mdomo wake unaujua, akasema, "Dada Năm, imezima. Sharti ni sharti."

Nikamwambia, "Umeme wa mtaa mzima umekatika, na huo nao nimbebeshe mtoto wa watu?" Halafu nikasema kwa sauti ili na wa nje wasikie, "Khải, waambie wazazi wako walete trei sita. Tambuu iwe mbichi, nitaihesabu mwenyewe."

Akainamisha kichwa kushukuru mpaka kikagonga printa. Cẩm Tú akalia, Bi Tám akalia na bakuli mkononi, hata yule mzee wa picha ya mkewe alikuwapo, naye akalia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeinama chini ya kaunta natafuta mishumaa, na nilikaa huko chini muda mrefu kuliko mishumaa ilivyohitaji.

Dada yako,
Năm Lụa